Macho Yanaporuka: Historia ya Kurekodi Mwendo wa Macho, Kutoka Ukurasa wa Kitabu Hadi Mchezo wa Video

Utangulizi

Wahenga walisema macho hayana pazia. Walitufundisha kwamba huwezi kumzuia mtu kutazama kilicho mbele yake. Lakini kwa zaidi ya karne moja sasa, wako watu waliojipa kazi ngumu kuliko kuyazuia macho, nayo ni kuyafuata kila yanapokwenda na kuiandika safari yao.

Tuseme mwanafunzi anayesoma Kiswahili pamoja na mawasiliano ya umma anaingia ofisini na kutuambia, "Mwalimu, kwa mradi wangu wa mwisho nataka kurekodi macho ya wenzangu wakicheza mchezo wa video." Wengi wetu tungemsikiliza kwa adabu, kisha tungemwelekeza Idara ya Saikolojia au ya Kompyuta. Tungekuwa tumemkosea. Taaluma ya kurekodi macho haikuanzia kwenye michezo. Ilianzia kwenye usomaji, yaani kwenye kazi yetu sisi walimu wa lugha. Katika makala haya tunakusudia kuieleza historia hiyo kwa ufupi, na kuonyesha kosa moja ambalo walimu walilifanya zamani na ambalo mwanafunzi wetu, pamoja na sisi wasimamizi wake, tunaweza kulirudia kwa urahisi.

Kabla hatujaendelea, tukubaliane kuhusu istilahi mbili. Jicho la msomaji haliendi kwa mfululizo. Huruka, likatua, likaruka tena. Kule kuruka tutakuita mruko, na pale linapotua tutapaita kituo. Neno kituo si geni kwetu, kwani tayari tunalitumia katika uandishi kwa alama za kupumzikia. Wazo ni lile lile.

Mwanzo: kusikiliza macho

Mtu akijisomea huhisi kwamba macho yake yanateleza juu ya mstari kama mtumbwi juu ya maji yaliyotulia. Hisia hiyo ni ya uongo. Mwaka 1879 Ewald Hering, mtaalamu wa fiziolojia aliyekuwa akifanya kazi Prague, alitumia vijirija vya mpira vilivyogusishwa kwenye kope ili kusikiliza sauti za misuli ya jicho, kama vile daktari anavyosikiliza kifua cha mgonjwa. Alisikia migongo mifupi mifupi. Msomaji aliposoma mstari mmoja, misuli ilishtuka mara kadhaa. Jicho lilikuwa likiruka.

Katika miaka hiyo hiyo, mjini Paris, daktari wa macho Louis Émile Javal alikuwa akichapisha mfululizo wa makala kuhusu fiziolojia ya usomaji. Kwa miaka mingi vitabu vimemtaja Javal kuwa ndiye mgunduzi wa mruko wa jicho. Hata hivyo, wanahistoria wa sayansi kama Nicholas Wade na Benjamin Tatler, waliorudi kuyasoma maandishi ya awali, wameonyesha kwamba kazi ya kuhesabu miruko ya msomaji katika maabara ya Javal ilifanywa na msaidizi wake, Lamare, aliyeichapisha mwaka 1892. Naye pia alitumia njia ya kusikiliza. Hapa pana funzo kwa wanafunzi wetu wanaopenda kunukuu kitabu kinachomnukuu mwingine: sifa ya mtu inaweza kuhamia kwa mwenzake, ikakaa huko karne nzima, kwa sababu tu hakuna aliyekwenda kulisoma chapisho la kwanza.

Javal mwenyewe alipatwa na ugonjwa wa shinikizo la jicho, akapofuka kabisa mwaka 1900. Mtu aliyetumia umri wake kuchunguza namna tunavyosoma alimaliza miaka yake ya mwisho asiweze kusoma chapa, na aliandika kitabu cha kuwashauri wengine waliopofuka.

Kutoka plasta hadi mwanga

Baada ya kusikiliza, watafiti walitaka kuona. Marekani, mwaka 1898, Edmund Delabarre na Edmund Huey walichapisha maelezo ya vyombo ambavyo leo hakuna kamati ya maadili ingeviruhusu. Kikombe kidogo cha plasta chenye tundu katikati kiliwekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi kwa kokeini. Kikombe kiliunganishwa na kijiti chepesi, na ncha ya kijiti ikachora mistari juu ya silinda iliyopakwa masizi. Kila jicho liliporuka, kijiti kiliruka. Huey aliyakusanya mambo mengi aliyojifunza katika kitabu chake cha mwaka 1908 kuhusu saikolojia na ufundishaji wa kusoma, ambacho walimu walikisoma kwa miongo mingi.

Raymond Dodge hakupenda kuligusa jicho. Mwaka 1901, yeye na Thomas Cline walieleza njia ya kumulika jicho na kupiga picha ya mng'ao unaorudi kutoka kwenye konea, huku bamba la picha likishuka taratibu ndani ya kamera. Jicho lilikuwa huru. Vifaa vingi vya leo bado hutumia wazo hilo hilo la mng'ao, ila taa ya kawaida imebadilishwa kuwa mwanga usioonekana, na bamba limebadilishwa kuwa kamera ya kidijitali.

Dodge alisisitiza pia jambo ambalo msomaji wetu anaweza kulithibitisha sasa hivi bila senti. Simama mbele ya kioo, tazama jicho lako la kushoto, kisha la kulia, kisha la kushoto tena. Hutaona macho yako yakisogea hata kidogo. Rafiki aliyesimama kando yako atayaona waziwazi. Wakati wa mruko, ambao katika usomaji huchukua takribani milisekunde 20 hadi 40, hatuoni kitu cha maana. Tunaona tunapotua. Katika usomaji wa Kiingereza, lugha iliyochunguzwa kuliko nyingine, kituo cha kawaida huchukua milisekunde 200 hadi 250, mruko mmoja huvuka herufi saba hadi tisa hivi, na miruko kama 10 hadi 15 katika kila 100 hurudi nyuma. Hata msomaji hodari hurudi nyuma.

Kosa la walimu

Ndipo walimu walipoingia. Katika Chuo Kikuu cha Chicago, Guy Buswell alirekodi macho ya wasomaji wa viwango mbalimbali, kuanzia watoto wa shule hadi watu wazima, na mwaka 1922 alichapisha kazi yake kuhusu jinsi tabia za usomaji zinavyokua. Picha ilikuwa wazi: kadiri msomaji anavyokomaa, vituo vyake hupungua na kuwa vifupi, na marudio yake hupungua.

Kutokana na ukweli huo, watu wengi walichukua hatua ambayo ilionekana ya busara. Kama msomaji mzuri ana vituo vichache, basi tumfundishe msomaji dhaifu kuwa na vituo vichache! Kuanzia miaka ya 1930, shule za Marekani zilinunua mashine za kufunza macho. Nyingine zilimulika maneno kwa sehemu ndogo ya sekunde. Nyingine ziliteremsha kifuniko juu ya ukurasa ili msomaji asiweze kurudi nyuma. Watoto waliketi mbele ya mashine hizo na macho yao yakafunzwa kwata kama askari.

Mtafiti Miles Tinker alikuwa miongoni mwa walioipinga imani hiyo. Hoja yake ni rahisi. Mwendo wa macho ni dalili ya usomaji. Si chanzo chake. Mtoto harudi nyuma kwa sababu macho yake ni mabaya. Anarudi kwa sababu hajaelewa. Ukimzuia asirudi, umemwondolea dalili na kumwachia ugonjwa. Ni sawa na mganga anayevunja kipimajoto akitumaini homa itashuka.

Tusiwacheke walimu hao. Sisi wenyewe tumewahi kuwakataza wanafunzi kufuata mstari kwa kidole, tukiamini kwamba kidole ndicho kinachowachelewesha. Tumewahi kumwambia mwanafunzi "tazama ubaoni!" na, alipotazama, tukaendelea kufundisha tukiwa na uhakika kwamba akili yake imefuata macho yake.

Swali huongoza jicho

Aliyetuonyesha vizuri zaidi kinachoyaendesha macho alikuwa Alfred Yarbus wa Moscow. Kitabu chake kilitoka kwa Kirusi mwaka 1965 na kwa Kiingereza mwaka 1967. Alibandika vikombe vidogo vya kunyonya juu ya jicho, kisha akamwonyesha mtazamaji mchoro wa Ilya Repin unaoonyesha mwanamume akirejea nyumbani ghafla baada ya kupotea kwa muda mrefu, huku jamaa zake wakishtuka.

Mtazamaji aliutazama mchoro huo mara saba, dakika tatu kila mara. Mara ya kwanza alitazama bila maagizo. Baadaye aliulizwa: familia hii ina uwezo gani wa mali? Watu hawa wana umri gani? Walikuwa wakifanya nini kabla mgeni hajaingia? Mgeni alikuwa amepotea kwa muda gani? Mchoro ulikuwa ule ule na macho yalikuwa yale yale, lakini kila swali lilichora njia nyingine. Aliyeulizwa kuhusu umri alikwenda kwenye nyuso. Aliyeulizwa kuhusu mali alitua kwenye samani na mavazi. Aliyeulizwa kuhusu muda wa kupotea aliruka kutoka uso hadi uso, akitafuta katika mshangao wao hesabu ya miaka.

Kwa mwalimu wa fasihi, ukurasa huo wa Yarbus una thamani kuliko mashine zote za kufunza macho. Unasema kwamba swali tunalompa mwanafunzi kabla ya kusoma ndilo linaloamua atakachokiona. Tukimwambia tu "someni sura ya tatu", tumemwacha kama mtazamaji wa mara ya kwanza.

Dirisha linalotembea

Mwaka 1975 George McConkie na Keith Rayner walichapisha jaribio lililotumia kompyuta kwa namna mpya. Kompyuta ilifuata jicho la msomaji na kuubadilisha ukurasa papo hapo. Herufi za karibu na kituo zilionekana sawa. Za mbali ziligeuzwa kuwa upuuzi. Jicho liliporuka, dirisha la herufi sahihi liliruka nalo. Majaribio ya aina hiyo yalionyesha kwamba msomaji wa Kiingereza hunufaika na herufi tatu au nne upande wa kushoto wa kituo, lakini kama 14 au 15 upande wa kulia.

Je, hayo ni maumbile ya jicho? La. Mwaka 1981 Alexander Pollatsek na wenzake walichapisha matokeo ya wasomaji wa lugha mbili, Kiebrania na Kiingereza. Waliposoma Kiingereza, dirisha lao lilinyooka kulia. Waliposoma Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kulia kwenda kushoto, dirisha la watu wale wale liligeuka kushoto. Lugha na hati yake ndizo zilizogeuza umakini. Tunapokumbuka kwamba tenzi zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, tunaweza kukisia kwamba msomaji wa Lamu au Pate aliyejua hati hizo alilitupa dirisha lake upande wa pili ukilinganisha na sisi tunaosoma tenzi hizo hizo leo kwa herufi za Kirumi.

Jaribio la dirisha ndilo linalotufikisha kwenye mchezo. Hapa kioo kilikuwa kikimjibu mtu kufuatana na macho yake. Na kioo kinachojibu ndiyo roho ya mchezo wa video.

Jicho la mchezaji

Mchoro wa Repin haubadiliki hata ukiutazama siku nzima. Mchezo wa video hubadilika, tena haumsubiri mzembe. Kwa hiyo swali jipya likawa: macho hufanya nini pale mikono nayo inapofanya kazi?

Jibu la kwanza lilitoka jikoni. Mwaka 1999 Michael Land na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, walichapisha utafiti wa watu waliokuwa wakipika chai huku wamevaa kamera ya kufuata macho. Macho yalitangulia kwenye kitu takribani nusu sekunde kabla ya mkono kukifikia, na karibu vituo vyote vilikuwa juu ya vitu vilivyohusika na kazi. Mwaka 2000 Land na Peter McLeod walionyesha kwamba mpigaji wa kriketi halifuati gofira njia nzima. Huruka mbele na kulisubiri pale litakapodunda. Mchezaji mzuri wa mchezo wowote ana desturi hiyo: hutazama panapokuja, si palipo.

Jibu la pili lilikuja kupitia mwanafunzi. Shawn Green alikuwa bado wa shahada ya kwanza katika Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, alipotengeneza jaribio la umakini wa kuona chini ya usimamizi wa Daphne Bavelier. Yeye na rafiki zake walipojaribu, walipata alama za juu kupita kiasi, hata ikadhaniwa kwamba programu ina kasoro. Programu ilikuwa nzima. Vijana hao walikuwa wachezaji wa michezo ya mapambano. Mwaka 2003 wawili hao walichapisha matokeo yao katika jarida la Nature. Waliwachukua pia watu wasiocheza na kuwapa mazoezi ya saa moja kwa siku kwa siku kumi. Waliocheza mchezo wa vita waliimarika katika majaribio ya umakini kuliko waliocheza Tetris.

Tuzingatie jambo moja hapa. Sehemu kubwa ya majaribio hayo ilipima vitu ambavyo mtu huvitambua pembeni, bila kupata nafasi ya kuhamisha macho. Umakini unaweza kwenda mahali ambapo jicho halikwenda. Rekodi ya macho, hata iwe safi namna gani, hutuambia jicho lilitua wapi. Haituambii akili ilikuwa wapi. Ni onyo lile lile la Tinker, limevaa nguo mpya.

Vifaa navyo vimeshuka bei. Mwaka 2009 kundi la wasanii na watengenezaji wa programu lilimtengenezea Tony Quan, msanii wa michoro ya ukutani wa Los Angeles aliyepooza mwili kwa ugonjwa wa mishipa ya fahamu, miwani ya kuchorea kwa macho. Waliiita EyeWriter, wakatumia kamera ya bei nafuu ya mchezo wa PlayStation, na wakaigawa programu yake bure. Kifaa cha mchezo kikawa kalamu ya mtu asiyeweza kuinua mkono. Mwaka 2012 wanafunzi wawili wa MIT, Moritz Kassner na William Patera, waliandika tasnifu kuhusu kifaa cha kufuata macho chenye programu huria, na kazi hiyo ikazaa kampuni ya Pupil Labs. Mwaka 2023 Sony ilianza kuuza kofia ya kuchezea ya PlayStation VR2 ikiwa na kamera za kufuata macho ndani yake. Kilichohitaji plasta na kokeini mwaka 1898 sasa huuzwa dukani kama sehemu ya mchezo.

Mradi wa mwanafunzi wetu

Turudi kwa mwanafunzi aliyesimama ofisini. Je, asubiri mpaka chuo kinunue mashine? Hapana. Mwaka 1928 Walter Miles alichapisha njia ambayo gharama yake ni karatasi moja. Toboa tundu dogo katikati ya ukurasa wenye maandishi. Mpe mwenzako asome huku wewe umekaa upande wa pili wa karatasi, jicho lako likiwa karibu na tundu. Utaiona miruko yake na unaweza kuihesabu mstari kwa mstari. Kwa mchezo, simu iliyosimamishwa chini ya kioo cha kompyuta na kurekodi uso wa mchezaji itamwonyesha mtafiti macho yanaruka lini na kuelekea upande gani, akiitazama video polepole.

Swali la mradi wetu lisitoke mbali. Neno hawakutuandikia ni moja, lakini lina ukanushi, nafsi, wakati, mtendewa, mzizi, kauli ya kutendea na kiishio. Watafiti wa Kifini, lugha nyingine yenye maneno marefu, wameonyesha kwamba neno refu huvuta zaidi ya kituo kimoja. Hapa Uganda, katika darasa moja la Kiswahili, tunaye mwanafunzi aliyekulia Kiganda au Kinyankole, ambaye viambishi vya namna hiyo ni vya nyumbani kwake, na tunaye aliyekulia Kiacholi au Kiateso, ambaye lugha yake imejengwa kwa mpango mwingine. Wote wawili hupewa kifungu kile kile, dakika zile zile, na alama nyekundu ile ile. Je, wanatua mahali pamoja wanapokutana na neno hilo? Na wakicheza mchezo wa video usio na maneno, macho yao yanatofautiana tena? Kama kwenye mchezo macho ya huyu ni mepesi sawa na ya yule, na kwenye kifungu anarudi nyuma mara mbili zaidi, basi tatizo si macho yake wala si uvivu. Ni neno ambalo hatujamfundisha kulifungua.

Masharti ni mawili. Kwanza, aombe ridhaa kwa maneno yanayoeleweka, na video za wenzake zisisambazwe. Macho husema mambo ambayo mwenyewe hakukusudia kuyasema. Pili, atakapoandika ripoti, atenganishe alichokiona na anachokidhani. "Jicho lilirudi kwenye neno" ni jambo aliloliona. "Hakuelewa" ni dhana, nayo lazima aithibitishe kwa kumuuliza msomaji mwenyewe.

Hitimisho

Katika makala haya tumeifuata historia kutoka kwenye vijirija vya Hering hadi kwenye kofia za michezo. Vyombo vimebadilika mara nyingi. Onyo limebaki moja. Jicho ni mtumishi, na hufuata swali, lugha na kazi iliyo mbele yake. Mwalimu anayeliadhibu jicho anampiga mjumbe. Basi mwanafunzi akirudi nyuma katika mstari, au akiuweka tena ule mkono wake na kufuata neno kwa kidole, tumwache arudi, kisha tumuulize alikwama wapi. Na yule wa michezo ya video tusimfukuze ofisini. Tumpe kiti, tumpe karatasi, na tutafute pini ya kutobolea tundu.